Pweza wa Madam Zuhura

Ujumbe ulinikuta ofisini hapa Kisaka, nikisahihisha madaftari ya kidato cha pili huku natafuna kiporo cha viazi. Namba sikuijua. "Shikamoo Mwalimu Bhoke. Naitwa Mwanaharusi, mtoto wa dada yake marehemu Zuhura aliyefundisha Tarime zamani." Nikakwama kwenye neno marehemu, nikalisoma mara tatu kama vile lingeweza kubadilika. Kisha nikaendelea. Madam Zuhura amefariki nyumbani kwao Songosongo, kule Kilwa, ugonjwa wa sukari, na wameshamzika. Arobaini inakaribia, na watoto wa pale nyumbani wanaulizana juu ya hadithi ya pweza ambayo bibi yao alikuwa akiwasimulia, lakini kila mmoja anakumbuka kipande tu. "Mama mdogo alikuwa akisema yuko mwanafunzi wake huko bara anayeisimulia vizuri kumshinda yeye mwenyewe. Namba yako nimeipata kwa taabu. Tunaomba ukipata nafasi utuwekee kwa sauti, tuwasikilizishe watoto." Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Mwalimu wa Jiografia akaniuliza kama ninaumwa, nikamwambia viazi vimelala sana.

Habari za kwetu na nani alimzaa nani naziacha. Anayezitaka aende Matongo akaulize, watamweleza mpaka achoke. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia, mwaka niliokuwa kidato cha tatu Tarime mjini, na hata huo nisingeuandika kama ujumbe ule usingenifikia. Kwa miaka yote hii nimejisemea kwamba yaliyopita si ndwele. Huo ni msemo mzuri kwa aliyetendewa. Aliyetenda akiusema, anajifariji tu.

Mwaka ule ulipoanza nilikuwa nimepanga chumba na wasichana wengine watatu, na mmoja wetu alichoma pazia kwa jiko la mafuta ya taa, tukafukuzwa wote. Madam Zuhura, aliyekuwa akitufundisha Biolojia, akanikuta nimekaa juu ya sanduku langu nje ya ofisi ya walimu. Hakuuliza mengi. Alisema ana chumba cha nyuma chenye kitanda na hakuna anayekilalia. Alikuwa amepanga Bomani, nyuma ya maofisi, kwenye uwanja wa Mama Nyangi: nyumba mbili za matofali zinazotazamana, bomba katikati, zizi dogo la ndama pembeni, na kamba za nguo zilizokatiza kila upande. Chumba chake cha mbele kilinuka udi na sabuni. Kilikuwa na mkeka wa ukindu, viti viwili, na dirishani kombe kubwa la baharini aliloweka pini na vifungo. Chini ya kitanda kulikuwa na dumu la lita tano lenye maji ya bahari. Alikuwa amelibeba siku tatu kwenye mabasi, kutoka Kilwa mpaka Tarime, ili kidato cha pili wayachemshe na kuiona chumvi ikibaki kwenye sufuria. Nalitaja dumu hili mapema kwa sababu lilikuja kutolewa nje mbele ya watu, na mimi nilijua kazi yake.

Tulikuwa tunapika baraza ya nyuma, jua likiwa bado liko juu. Mimi nilikuwa mtoto wa ugali wa mtama na muhogo, na wali wa nazi niliuona kama chakula cha harusi. Madam alikuna nazi huku anaongea, nami nikichambua mchicha huku nasikiliza, na hapo ndipo pweza alipoingia maishani mwangu, mnyama ambaye hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumwona hata kwenye sahani. Alinieleza kwamba kwao wanawake ndio wanaotembea mwambani siku za bamvua, bahari inapokauka mbali, kila mmoja na kijiti chake chenye ncha. Hutafuti pweza, alisema, unatafuta takataka zake. Anakula kaa na makombe, kisha anatupa magamba mlangoni kwake, na mwenye macho anajua kwamba hapa pana mwenyewe. Likizo ya Desemba, kabla sijahamia kwake, alikuta rundo la namna hiyo, akaingiza kijiti. Mkono mwembamba kama penseli ukatoka, ukakishika kijiti, ukakipapasa mpaka juu, halafu ukakiacha na kukishika kidole chake. Alikuwa pweza mdogo asiyezidi kiganja, na kijijini walikubaliana wadogo waachwe wakue. Akamwacha. Kesho yake akarudi na kaa. Siku ya tatu, kabla hajainama, pweza alikuwa ameshatoka nusu mwili, rangi yake ikigeuka kutoka ya jiwe kuwa ya kahawia iliyoiva.

Kilichonishangaza zaidi ni shemeji yake. Shemeji mtu alimchokonoa yule pweza kwa chuma siku moja, akajaribu kumng'oa, akashindwa. Tangu hapo kila alipopita alirushiwa maji ya uso. Madam, akicheka mpaka anaacha kukuna nazi, alinieleza jinsi shemeji alivyojifunika kanga ya Madam mwenyewe na kofia yake ya ukindu, akaenda akitembea taratibu kama mwanamke, na bado akarushiwa maji ya uso kabla hajafika. Wengine wote waliokuwa pale hawakuguswa hata tone. Nikamuuliza kama kwao hawali pweza. Akasema amekula pweza tangu hajaota meno, na kwamba hata hizo nauli za kumfikisha chuoni zilitoka kwa pweza. "Lakini huyu hapana," akasema. "Ukishashikwa mkono na mtu, mwanangu, utamla?" Nikamwambia juu ya ng'ombe mweusi wa bibi yangu Matongo, aliyekuwa hakubali kukamuliwa na mtu mwingine yeyote, na siku bibi alipolazwa alisimama kwenye mlango wa zizi siku mbili bila kwenda machungani. Madam akaweka nazi chini. Akasema basi nimeelewa, na kwamba tangu aje huku mimi ni wa kwanza.

Darasani alitufundisha pweza ingawa hayumo kwenye muhtasari. Mioyo mitatu, damu ya buluu, hana mfupa hata mmoja, na akili yake nyingi imo mikononi, hivyo kila mkono unaweza kufikiri kidogo wenyewe. Alikuwa na tabia mbili ambazo mimi kama mwalimu nimejaribu kuziiga, nikashindwa. Ya kwanza, ukimuuliza asilolijua alisema sijui, bila kukasirika. Niliuliza kwa nini mnyama mwenye akili namna ile anaishi mwaka mmoja au kuzidi kidogo tu, akasema, "Hilo ndilo swali lenyewe, na mimi sijui." Ya pili, ukisema kitu kisicho sahihi, hata neno moja, hakukufokea. Alikutazama tu, akasema, "Rudia." Ulikuwa unarudia mpaka liwe sawa. Nilimpenda, na naliandika hivyo hivyo bila kona. Nilimpenda kuliko mtu yeyote mwaka ule.

Likizo fupi ya mwezi wa nne nilikwenda Matongo kwa shangazi yangu, aliyekuwa akipeleka ndizi soko la Tarime mara mbili kwa wiki. Jikoni kwake wanawake wanne walikuwa wanachagua maharage. Msichana wa miaka kumi na saba kwenye jiko la namna ile ni mtu wa kutumwa maji, na neno lake halina kiti. Lakini siku ile nilikuwa na pweza. Nikaanza kusimulia, rundo la magamba, penseli, kidole, shemeji na kanga, na mikono ikapungua kasi kwenye maharage. Sijawahi kusikilizwa vile. Nilipofika mwisho, shangazi akapepeta ungo wake, akasema, "Kumbe ni samaki tu." Wakarudi kwenye maharage yao. Ningenyamaza hapo, Madam Zuhura angefundisha Tarime mpaka anastaafu. Lakini sikuweza kuuvumilia ungo ule. Nikasema, "Na Madam anasema hata akiwa huku Bomani, yule anajua. Madam akilia huku, kule maji yanachafuka."

Hakuwahi kusema hivyo. Nilitia chumvi, kama watu wanavyotia chumvi kila siku, na ile chumvi ndiyo pekee waliyoionja. Ungo ukasimama. Mmoja wao akauliza polepole kama huyo mdudu ana jina. Mwingine akasema watu wa pwani wana mambo yao, yeye amesikia. Nilikaa katikati ya ukimya wao nikaufurahia. Mara ya kwanza maishani nilikuwa nimewanyamazisha watu wazima, na sikujiuliza kilichowanyamazisha ni nini.

Mwezi wa tano mvua zilikuwa nyingi na mbu walikuwa wengi zaidi. Mama Nyangi, mwenye nyumba wetu, alikuwa akiishi na binti yake Nyangi, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne, mnene, mwenye mikunjo mkononi kama amefungwa uzi. Madam alipenda kumbeba alipotoka shule. Ijumaa moja alimbeba, akamwimbia mpaka akalala begani. Jumapili homa ikapanda. Jumatatu wakamtafutia dawa dukani, Jumanne dawa za miti, Jumatano wakampeleka hospitali akiwa ameshachoka sana, na alasiri ya siku hiyo akarudishwa amefungwa kwenye kitenge. Kilio cha Nyangi bado nakisikia. Nimewahi kusikia vilio vingi tangu hapo, kikiwemo changu mwenyewe, lakini kile ndicho ninachokijua kwa sauti yake. Madam alikwenda kukaa na wafiwa akiwa na sufuria ya wali. Sufuria ilirudi jioni ikiwa haijafunuliwa.

Siku nne baada ya mazishi nilikuwa bombani nasugua vyombo, na nyuma ya ukuta wa jikoni Mama Nyangi alikuwa anaongea na muuza ndizi wake. Sauti ya muuza ndizi niliijua, ilikuwa ya shangazi yangu. Shangazi hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatoa pole. Katika pole yake akasema haya mambo ni ya kuangalia, maana yule mwalimu ana mdudu baharini, hana mifupa, damu yake si nyekundu, anawatambua watu hata wakijificha, na mwalimu akiwa huku mdudu anajua kule. Mama Nyangi akasema, "Lisemwalo lipo." Nilisugua sufuria moja mpaka vidole vikauma.

Kikao kiliitishwa Jumapili alasiri, pale pale uwanjani. Balozi wa nyumba kumi, mzee mstaafu tuliyemwita Tata Mwita, yaani Baba Mwita, alikaa kwenye kiti cha mbao, wanaume kama sita kwenye benchi, wanawake chini kwenye majamvi, shangazi yangu miongoni mwao. Madam alijiletea kigoda chake mwenyewe. Alivaa ushungi mweupe wa Ijumaa. Dumu lilikuwa katikati, kwani siku mbili kabla, wakati yuko shule, walikuwa wameshalitoa chini ya kitanda. Akaeleza vizuri, kwa sauti ya darasani: maji ya bahari, somo la kidato cha pili, chumvi. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akayaonja, akampa balozi. Tata Mwita akaonja, akatema, akasema ni chumvi kweli, na maji ya chumvi si kosa. Alikuwa mtu wa haki, na lazima niliseme hilo. Akasema mtoto amekufa kwa homa, na homa mwaka huu imeua wengi ambao hawakuwahi kubebwa na mwalimu. Niliona mabega ya Madam yanashuka. Kikao kilikuwa kinaisha.

Mama Nyangi hakupaza sauti. Alisema tu kwamba yuko mtoto anayelala ndani ya nyumba hiyo, wa kwetu, Mkurya, na aulizwe yeye.

"Bhoke, simama," Tata Mwita akasema. "Hayo maneno, kwamba huyo mdudu wa baharini anajua mambo ya huku, wewe uliyatoa wapi?"

Nilisimama. Shangazi alikuwa ananitazama, na niliielewa hesabu yake bila kuambiwa. Nikisema nimeyatunga, yeye ndiye mwanamke aliyepeleka uongo msibani, mbele ya watu anaowauzia ndizi, na mimi ndiye mwongo ninayekula nyumbani kwake. Nikisema nimeambiwa, hakuna wa kwetu atakayeaibika. Sauti ilitoka safi.

"Aliniambia Madam."

"Alisema yeye mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, tata."

Nikamtazama Madam nikisubiri aseme rudia. Niliisubiri kabisa, na nadhani niliiomba. Kama angeisema, ningerudia, na safari ile ningesema sawa. Alinitazama, na nikaona anaelewa kila kitu, mpaka jiko la Matongo na ungo wa maharage. Kisha akamgeukia balozi.

"Kama Bhoke amesema nimesema, basi nimesema," akasema. "Mtoto asiulizwe tena."

Tata Mwita alikaa akiichezea fimbo yake. Alikuwa ameshafunga mlango, na mwenye shauri mwenyewe kaufungua. Akasema basi yeye hana la kuongeza, na kwamba mwalimu asiguswe na mtu yeyote, akiguswa atajibu yeye. Hakuguswa. Sisi si watu wabaya, ndivyo tunavyopenda kusema, na siku ile hatukunyanyua hata jiwe. Wanawake walilibeba dumu mpaka barabarani wakalimwaga, wakiligusa kwa majani ya mgomba. Asubuhi yake ndama wa Mama Nyangi alifungua kamba, akaenda kulamba pale pale palipomwagwa, na watu wakamfukuza kwa fimbo wakisema mmeona, mmeona. Tumefuga ng'ombe tangu enzi za mababu, tunawapeleka mbali wakalambe chumvi, hakuna mtoto wa Mkurya asiyejua ng'ombe anatafuta nini ardhini. Siku ile uwanja mzima ulisahau.

Shangazi alinihamisha jioni ile ile kwenye chumba cha kupanga na wasichana wengine. Sikuaga. Yaliyofuata niliyaona kwa mbali au kwa kusikia. Muuza maziwa aliruka mlango wake. Watu wakaanza kumwamkia wakiwa wameshampita. Wazazi watatu walikwenda kwa mkuu wa shule, naye, kwa kuogopa makelele, akamtoa darasani akampa kusimamia maktaba, chumba chenye kabati moja na vitabu vya kilimo vilivyoliwa na mchwa. Biolojia tukafundishwa na mwalimu wa Kemia aliyekuwa anasoma kutoka kitabuni bila kuinua uso. Nilikuwa napita dirisha la maktaba kila siku kwenda chooni. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza, mbele yake hakuna kitu. Siku moja alinyanyua mkono kunipungia, nikajifanya nimeangusha kalamu.

Mwezi wa sita alikwenda kwao, na wote tulidhani harudi. Alirudi, maana barua ya uhamisho ilikuwa bado haijatoka, na kwake kazi ilikuwa kazi. Mwezi wa nane wasichana wakasema Madam amekwisha, nguo zinamning'inia. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda haukuwa ujasiri. Nilisonga ugali wa mtama, nikakaanga sato, nikaufunika kwa sahani nyingine, nikaenda Bomani saa tisa mchana wakati Mama Nyangi yuko sokoni. Mlango ulikuwa wazi. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kufungwa kamba. Kombe la pini halikuwepo dirishani. Alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kitanda, na aliponiona alitabasamu kama vile tumeachana jana. "Bhoke. Karibu, mwanangu. Umerefuka."

Nikamwamkia, nikaweka sahani mbele yake. Nikamuuliza juu ya pweza, kama mtu anavyoulizia mgonjwa. Akasema alimkuta kwenye pango lile lile, mkubwa sasa, lakini alikuwa amejifungia kwa mawe. Aliondoa jiwe moja. Ndani mayai yalikuwa yananing'inia kwenye dari kama mchele uliotungwa kwenye uzi, maelfu, na mwenyewe amepauka, ngozi imelegea, anayapulizia maji. Madam alimpelekea kaa. Pweza akamsukuma kaa nje kwa mkono mmoja, taratibu. Alipompelekea tena, akamsukuma tena. Kisha mkono ule ule ukazunguka kidole chake ukakaa hapo muda mrefu. "Wakishataga hawali tena," akasema. "Wanapuliza mpaka watoto watoke, halafu basi. Nilikuwa najua. Si nimewafundisha mwenyewe? Lakini sikujua kama angenikumbuka bado."

Nilisogeza sahani karibu yake zaidi. Nikasema chakula kitapoa. Akaitazama sahani, akaweka mgongo wa mkono wake ubavuni mwa sahani, akaisukuma kwangu, taratibu, mpaka ikagusa goti langu. "Nimeshiba, mwanangu." Na kabla hajaurudisha mkono alikishika kidole changu cha shahada, akakaa nacho. Mkono wake ulikuwa wa moto. Hakuwa anafanya mfano wala kunifundisha, nina hakika hata hakujiona alivyofanya. Mimi nilijiona. Kila kitu nilichotakiwa kusema kilikuja mpaka kwenye meno. Nikafungua mdomo, nikasema, "Kesho tuna jaribio la hesabu, Madam."

"Basi kasome," akasema, akaniachia.

Aliondoka mwezi wa tisa kwa basi la Mwanza. Nilipata habari tukiwa mstarini asubuhi, siku mbili baadaye. Mwaka uliofuata nikafaulu Biolojia kuliko wote shuleni, na mkuu wa shule akanipa mkono mbele ya wazazi, shangazi yangu akipiga vigelegele. Nikaenda chuo nikawa mwalimu wa somo lile lile. Watu husema nilimfuata Madam wangu. Huwa sibishi.

Jumamosi iliyopita nilijifungia chumbani nikajaribu kuwarekodia watoto wa Songosongo. Nilianza vizuri, hamjambo watoto, bibi yenu alikuwa akitembea mwambani siku za bamvua. Nikaeleza rundo la magamba. Nikaeleza penseli. Nilipofika kwa shemeji na kanga nikasimama, maana ghafla sikuwa na hakika. Madam alicheka kweli akiacha kukuna nazi, au nilimchekesha mimi jikoni Matongo ili wanawake wale waache maharage? Nikafuta, nikaanza upya, nikakwama kwenye rangi ya kahawia iliyoiva. Safari ya tatu nikakwama kwenye kidole chenyewe. Miaka yote nimekuwa nikijisimulia hadithi hii peke yangu, na hakuna aliyeniambia rudia, na mtu mmoja tu duniani alikuwa anajua neno gani ni lake na neno gani ni langu. Ndiye aliyewaambia naisimulia vizuri kumshinda. Sijui alikuwa ananisifu au alikuwa anawaonya. Nikafuta na hiyo. Nikamwandikia Mwanaharusi: "Poleni sana kwa msiba. Nimesahau, mwanangu, ni zamani mno." Akajibu haraka kwamba hakuna neno, watawasimulia watoto hivyo vipande walivyonavyo.

Jumatatu kidato cha pili tulikuwa na wanyama wasio na uti wa mgongo. Minyoo, wadudu, kaa. Nikachora ubaoni, wakanakili. Msichana mmoja wa benchi la nyuma, mpole, ambaye huwa hainui mkono, akainua. Akauliza, "Madam, katika hawa wasio na uti wa mgongo, hakuna hata mmoja mwenye akili? Anayeweza kumjua mtu?"

Darasa likanigeukia. Nilikuwa na chaki mkononi.

"Hilo haliji kwenye mtihani," nikasema. "Andikeni."

Wakainama, wakaandika.